Tangi la Tabitha

Anaeli wa Maji ya Chai alikuwa hacheki mbele za watu. Si kwamba alikosa cha kuchekea, la. Mtu aliyelima kahawa chini ya utawala wa Mwingereza, akafundishwa na bwana shamba namna ya kupanda migomba ambayo babu yake aliipanda kabla bwana shamba hajazaliwa, hakosi cha kuchekea. Shida ilikuwa meno. Maji ya mto aliyoyanywa tangu utotoni yalikuwa yameyatia madoa ya kahawia, sawa na meno ya nusu ya kijiji. Mchungaji mgeni alipofika usharikani alimvuta pembeni akamsihi, kwa upendo mkubwa, aache kutafuna tumbaku. Anaeli, mzee wa kanisa ambaye tumbaku aliijua kwa harufu tu, akajibu, "Nitaacha, Mchungaji," maana aliona kueleza kutachukua mchana kutwa. Tangu siku hiyo akicheka huziba mdomo kwa kiganja.

Basi mkewe Eunike alipojifungua mtoto wa kike, wakamwita Tabitha, mganga wa hospitali ya misheni aliwaambia kwamba rangi ile inatokana na maji ya mto. Mtoto akikuzwa kwa maji ya mvua, meno yake ya ukubwani yatatoka meupe.

"Huyu atacheka mpaka jino la mwisho lionekane," Anaeli alisema wakiwa njiani kurudi. "Namjengea tangi."

Majirani nao walikinga mvua, lakini kwa namna yao. Walipasua gogo la mgomba, wakalitundika chini ya ukingo wa paa la nyasi, wakatega debe. Gogo lilioza kabla masika hayajaisha, na maji yaliyotoka kwenye nyasi yalikuwa meusi kuliko ya mto. Wengine walinunua pipa la mafuta. Wakanywa kutu iliyokolezwa mafuta ya taa. Anaeli aliyatazama hayo yote akatikisa kichwa. Yeye alitaka kitu kisichooza, kisichoshika kutu, kisichopasuka.

Akashuka Arusha mjini. Dukani aligonga kila bati kwa kidole kama anayebisha hodi, kisha akalikwaruza kwa msumari, mpaka mwenye duka akakaribia kulia. Aliomba vipande vya kila aina, akavilaza nyumbani kwenye bakuli la maji ya chumvi, akawa anavichungulia kila asubuhi kabla ya sala. Eunike akakosa bakuli la mboga kwa muda mrefu. Mwishowe kilishinda kipande cha bati nene lililochovywa vizuri kwenye zinki, nalo likawa paa, na mifereji ikakatwa kwenye bati hilohilo. Mifereji ya mianzi hakutaka hata kuisikia.

Kwa kujenga tangi alimleta Shomari, fundi Mwislamu aliyeishi kule Themi, mtu mkorofi kwa kazi kama yeye. Mchanga wa kwanza Shomari aliufikicha mkononi, akaumwaga.

"Huu una udongo, Mzee Anaeli. Ukiutia kwenye simenti, tangi litatoa nyufa."

Mchanga ukaoshwa, ukaoshwa tena, mpaka kiganja kikachomoka kisafi. Mawe yalichaguliwa magumu, kifuniko kikamwagwa zege, na penye mdomo wa kuingizia maji ukawekwa wavu wa shaba. Koki nayo ilikuwa ya shaba.

"Na kufuli?" Anaeli akauliza.

"Kufuli la nini kwenye maji?"

"Watu, fundi."

Shomari akacheka. "Basi chukua la shaba. La chuma litashika kutu, utalivunja kwa nyundo mwaka ujao."

Anaeli akalinunua la shaba, ufunguo akautia kamba akauvaa shingoni. Mvua ya kwanza waliiacha ioshe paa, kama fundi alivyoagiza. Ya pili ikajaza tangi. Tabitha alinyweshwa kwa kijiko, akaramba midomo, na baba yake akafurahi mpaka akasahau kiganja chake.

Jumapili mchungaji akaja. Sasa, ungempa mchungaji maji ya mto huku tangi la namna ile likimtazama? Eunike alitoa kabatini zile glasi ambazo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuzitia mdomoni, na mchungaji akanywa, akasifu, akarudi Jumapili iliyofuata na wenzake. Wakaja wakubwa wa chama cha kahawa. Akaja mangi, mtawala wa kienyeji. Hata Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, alisimamisha gari, akaligonga tangi kwa fimbo, akapigwa picha amesimama mbele yake kana kwamba amelijenga yeye.

Katika nyumba ile, kama katika nyumba zote za jirani, kizuri kilikuwa cha mgeni: glasi, kiti chenye mto, paja la kuku. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba na maji yaingie humo. Yaliingia yenyewe. Kiangazi kilipofika na tangi likaanza kulia tupu ukiligonga, Anaeli alisema, "Mama Tabitha, kwa leo tu mpe ya mto. Kesho wazee wa kanisa wanakuja." Na wazee wa kanisa, jamani, hawakuacha kuja.

"Baba Tabitha, tangi hili ni la nani?" Eunike alimuuliza siku moja.

"La Tabitha. Si unajua?"

"Basi nipe ufunguo."

"Koki ikifunguliwa kila saa italegea," Anaeli akasema, naye aliyaamini maneno yake.

Tabitha akakua. Meno ya utoto yalipoanza kung'oka, baba yake alimfungua mdomo kila asubuhi kabla ya sala, akachungulia kama alivyochungulia bakuli la mabati. Jino la kwanza la ukubwani likatoka na doa la kahawia. Anaeli alisema ni uji. La pili likatoka na madoa mawili. Anaeli alikwenda shambani, akakaa kati ya mibuni bila kushika jembe. Iliuma.

Mwaka huo Shomari alipita kijijini akaja kuiona kazi yake. Alilizunguka tangi, akapapasa kuta, akakwaruza mfereji, akafungua koki.

"Hata ufa mmoja hakuna! Mzee, hili litawazika wajukuu zako."

Tabitha akatoka na sinia, juu yake glasi moja ya maji, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kumbe ndiye wewe uliyejengewa tangi! Haya, cheka nione hayo meno."

Mtoto akacheka, na papo hapo kiganja kikapanda mdomoni. Hakuna aliyemfundisha. Shomari alimwangalia yeye, kisha baba yake, akaishika glasi bila kunywa.

"Kunywa wewe kwanza, mama," akasema. "Maji yako haya."

Tabitha alirudi nyuma hatua moja, akamshangaa mtu mzima asiyejua mambo. "Yangu? Hayo ni ya wageni, babu."

Anaeli alifungua kinywa kueleza habari ya koki kulegea, akakifunga. Eunike alikuwa amesimama mlangoni, mgongoni amembeba Eliasi, kitindamimba wao, ambaye bado hakuwa na jino hata moja. Hakulaumu. Alinyoosha mkono tu.

Anaeli akaivua ile kamba ya ufunguo shingoni.