Mazoezi ya Yunisi

Yunisi aliipua sufuria ya maharage, na kabla hajapumua simu aliyopewa na watafiti wa afya na furaha ikalia kiunoni. "Unajisikiaje sasa hivi?" Akabonyeza kikatuni kinachocheka. Na kweli alikuwa na furaha. Magari ya Itigi yalisimama kwa wingi pale Mkiwa leo, na wateja wamekula hadi ukoko. Shida yake ilikuwa moja tu, maji. Pampu ya kijiji iliharibika tangu alizeti ikiwa maua, na mtendaji kila akiulizwa ni "tunalishughulikia".

Mchana watafiti wakaitisha kikao ofisi ya kijiji. Editha, binti mpole kutoka mjini, akaunganisha saa ya kuhesabu hatua waliyomvisha Yunisi na kompyuta yake, akaduwaa.

"Shikamoo mama. Jamani, unatembea! Hakuna aliyekufikia. Na furaha yako iko juu kila siku."

"Marahaba mwanangu. Mtu akikujulia hali utamjibu mbaya?"

Watu wakacheka. Mtendaji Laurenti akasimama, kitambi mbele, akapiga makofi. "Mnaona? Kijiji changu wanafanya mazoezi! Andika hiyo, dada. Wana afya na raha tele."

Loo! Mazoezi? Damu ilimchemka Yunisi. Wenzake wakainamisha macho. Nani amkatize mtendaji mbele ya wageni? Lakini Laurenti alikuwa Mnyamwezi na Yunisi Mnyaturu, na makabila hayo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikasirika, aibu ni yake.

"We Mnyamwezi," akasema, "nani kakwambia nafanya mazoezi? Nafuata maji bondeni. Pampu imekufa, na wewe hata matanga hujaweka! Raha ninayo, sikatai, lakini ni yangu mwenyewe. Hujanipa wewe."

Kicheko kikalipuka. Editha akaacha kuandika.

"Huko bondeni ni mbali, mama?"

"Twende ukaone. Mtani atatusindikiza."

Laurenti akakumbuka ghafla kwamba ana kikao wilayani. Lakini alichelewa kukumbuka, Yunisi alikwishamtwika ndoo tupu kichwani, na wanawake wanapiga vigelegele. Angeitua vipi mbele ya wageni? Akacheka kwa shida, akashika njia na viatu vyake vya ngozi.

Walipopita mashamba ya mtama, shati lilikuwa limemganda Laurenti mgongoni.

"Jamani, bado?"

"Hata nusu hatujafika," Yunisi akamjibu, akaongeza mwendo.