Jiko Lililovishwa Sare

Simu ya shemeji mkubwa ilikuwa fupi, kama kawaida ya watu wanaopiga simu ili kutoa amri. Jumapili angekuja na gari kumchukua Mama, akakae kwake moja kwa moja.

"Mama mwenyewe umemuuliza?" alisema Mama Pacha, mguu ungali kwenye pedeli ya cherehani na sketi ya shule imelala nusu chini ya sindano.

"Nimuulize nini, shemeji, na mkono umeshaungua? Haoni. Leo mkono, kesho nyumba nzima na watoto ndani."

"Kidogo anaona. Akitengenezewa mahali pazuri atapika vizuri tu."

"Haya. Nikija Jumapili nikamkuta anapika mwenyewe, bila mtu kumshika mkono, nitakunywa chai yangu niondoke. Nikikuta ni maneno matupu, naondoka naye."

Simu ikakatika. Mama Pacha aliitazama, akaitupa juu ya rundo la sketi. "Njoo basi," aliiambia, ingawa upande wa pili hapakuwa na mtu tena.

Huyo Mama aliyekuwa akigombewa ni mama wa mumewe na wa shemeji mkubwa. Alikuja kwao pacha walipozaliwa, kusaidia kwa muda, na muda wenyewe haukuisha. Mwaka wa kwanza yeye na mkwewe waligombana kwa kila kitu, kuanzia namna ya kukata vitunguu hadi ubavu wa kumlazia mtoto, mpaka ugomvi ule ukawa ndiyo mazungumzo yao. Sasa Mama Pacha alimpenda yule mzee kuliko alivyoweza kusema, na kwa kuwa hakuweza kusema, hakuwahi kusema.

Katika nyumba ile kila mtu alikuwa na kazi yake. Mama Pacha alishona sare za shule kutwa, mumewe alichomelea mageti na madirisha, na Mama alipika. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, na daktari akasema yaliyobaki yatunzwe kwa sababu yaliyokwenda hayarudi, aliendelea kupika. Kisha mchana mmoja, jua limejaa dirishani, hakuuona moto wa gesi, akapitisha mkono juu yake. Tangu hapo hakukanyaga jikoni. Alishinda sebuleni mikono ikiwa mapajani, akisema labda mwanawe mkubwa ana haki, maana yeye hapa sasa kazi yake nini. Lakini kuhama hakutaka. Kwa mwanawe mkubwa kulikuwa na msichana wa kazi aliyekunyang'anya kikombe kabla hujamaliza kunywa.

"Kule nitakuwa pambo," alimwambia mkwewe. "Nitafutwa vumbi pamoja na meza."

Basi Mama Pacha akajifunga kibwebwe. Alisimama mlangoni mwa jiko, akalikagua kama anavyokagua nguo iliyoletwa kurekebishwa, na akaona kosa liko wapi: giza na vurugu. Kuta zilikuwa na rangi ambayo zamani ilikuwa njano, moshi ukaja kuimalizia. Kwenye rafu, kopo la chumvi liliegemea chupa ya mafuta, na chupa ikaegemea boksi la majani ya chai lililochanika pembe. Sukari ilikaa sakafuni kwenye ndoo yenye kifuniko cha ndoo nyingine. Mwenye macho yake mazima angepotea humo, sembuse Mama.

"Napaka rangi," alimwambia mumewe.

"Fundi tunamtoa wapi?"

"Unaongea naye."

Mumewe alicheka, kisha akauona uso wa mkewe, akaacha kucheka, akaenda kutafuta msasa.

Wakasugua kuta mpaka nyusi zao zikawa nyeupe. Nyufa wakaziziba, wakasubiri zikauke, wakapaka rangi nyeupe ya maji, mkono wa kwanza na wa pili. Pacha nao walipewa brashi. Yule aliyetangulia kuzaliwa, ambaye nyumba nzima ilimwita Mkubwa, alisimamia kazi. Mdogo ndiye aliyepaka. Mkubwa alimzidi mwenzake muda wa mkunga kugeuka tu, lakini cheo hakujua kukiachia.

Halafu ikaja sehemu ambayo Mama Pacha aliipenda. Alikusanya makopo matupu ya maziwa ya unga kwa majirani, yote ya ukubwa na umbo moja, akayapaka yote nyeupe na kuyavisha mkanda wa kitambaa cha buluu kilichobaki kwenye mashati ya shule. Akashona pazia la kitambaa hichohicho, na kitambaa cha meza, na vifuniko vya viti. Rafu nyeupe, vikombe vyeupe juu yake, vishikio vya kabati vyeupe. Mtu aliyeshona sare maisha yake yote haamini kitu kimepangwa mpaka vyote vifanane. Alipomaliza, jiko lilikuwa kama wanafunzi mstarini asubuhi, na yeye akatembea mbele yake kama mwalimu wa zamu.

Jioni walimwita Mama. Alisimama kizingitini akavuta hewa.

"Pananukia upya," alisema. Akagusa ukuta. "Ni pazuri, mwanangu. Umehangaika."

Mama Pacha alilala usingizi wa mtu aliyekwisha kushinda.

Asubuhi alimkuta Mama jikoni peke yake, na furaha ilimpanda, kisha ikashuka palepale. Makopo yote yalikuwa wazi mezani. Mama alichovya kidole kwenye moja, akalamba, akakunja uso. Akachovya kwenye jingine. Alipoipata sukari aligeukia rafu kutafuta kikombe, na mkono wake ukapita kushoto na kulia kama wa mtu anayefuta meza, mbele ya vikombe vilivyokuwa pale pale. Kimoja kikaanguka kikavunjika.

Mama hakuinama kuokota. Alishika ukingo wa rafu kwa mikono miwili.

"Mmepaka vizuri sana," alisema bila kugeuka. "Mwambie mwanangu mkubwa asingoje Jumapili."

"Mama, kikombe tu hicho."

"Siyo kikombe. Sukari ilikuwa ndooni, chini kushoto, na ndoo ina sikio moja limekatika. Nikilishika hilo sikio najua ndiyo sukari. Chumvi ilikuwa kwenye bati, la baridi. Majani ya chai kwenye boksi la karatasi, limechanika pembe. Mkono ulikuwa unajua kila mtu na kwake. Sasa umewavisha wote sare, mwanangu. Mwenye macho atasoma sura. Mimi nitasoma nini?"

Mama Pacha aliketi kwenye kiti chenye kifuniko kipya. Alikuwa amechukua macho yaliyombakia yule mama, yale ya vidoleni, akayapaka rangi nyeupe mikono miwili. Na hakuuliza. Katika siku zote za msasa na brashi, hakumuuliza mwenye jiko hata neno moja. Aliona aibu, halafu akajikasirikia, na hasira yake kwa kawaida haikai bure, inatafuta kazi. Alifagia vigae vya kikombe, akavuta kigoda, akamkalisha Mama katikati ya jiko.

"Chumvi ikae wapi?"

"Panga tu utakavyo, mwanangu. Mimi ni wa kuondoka."

"Kupanga nimeshapanga, na umeona nilichokipata. Chumvi, Mama. Ikae wapi?"

Mkono wa Mama ukainuka wenyewe, ukaonyesha kulia kwa jiko la gesi, usawa wa kiwiko.

"Hapo. Na vitunguu usiviweke kule juu unakovipenda wewe. Vinaoza."

"Haviozi."

"Vinaoza. Miaka yote nakwambia."

Ugomvi umerudi, Mama Pacha alijisemea, na akashukuru.

Wakaanza upya, safari hii fundi akiwa yule aliyekaa kigodani. Mume alileta kopo la rangi ya mafuta iliyobaki kwenye geti la mteja, kijani iliyokoza karibu na nyeusi, nao wakaupaka ukuta ulio nyuma ya jiko la gesi. Rangi ilipokauka sawasawa, wakawasha moto. Mama aliinama, akasogeza kichwa huku na huku. Mbele ya ukuta mweupe ule moto wa buluu ulikuwa unapotea. Mbele ya giza lile ulisimama.

"Nauona," alisema. Akauzima, akauwasha tena. "Nauona."

Mumewe Mama Pacha, mtu asiyeogopa cheche za chuma, alitoka nje akijifanya amesahau nyundo.

Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kusukumwa. Rafu ya vikombe ikapakwa rangi ileile ya geti, na vikombe vyeupe vikaonekana juu yake. Ukingo wa meza ukapigwa mstari mwekundu mnene, ili mtu ajue meza inaishia wapi. Vishikio vya kabati vikang'olewa, vikawekwa vipya vya chuma kinene ambavyo mume alivichomelea mwenyewe. Kwenye swichi za gesi alidondosha tone la gundi ngumu, moja tu kwa kila swichi, likaganda kama chunusi: likiwa juu, gesi imefungwa. Na makopo yakavuliwa mikanda ya buluu. Chumvi ikavishwa gunia, majani ya chai yakavishwa kodrai yenye matuta, ya suruali kuukuu, na unga ukashonewa vifungo vikubwa vya koti kuzunguka tumbo. Sukari Mama aliiombea mahameli nyekundu.

"Sukari ni ya kudekezwa," alisema.

Kwa jicho la fundi wa sare lile jiko sasa lilikuwa balaa. Hakuna kilichofanana na mwenzake. Mama Pacha alikaza roho, akang'oa na pazia la buluu, maana Mama alisema linazuia mwanga.

Siku zilizobaki Mama alifanya mazoezi. Alichemsha maji, akamwaga, akachemsha tena, mpaka pacha wakachoka kunywa chai.

Jumapili shemeji mkubwa alifika mapema, shati limenyooshwa, funguo za gari mkononi. Alisalimia, akaenda moja kwa moja kusimama mlangoni mwa jiko.

"Hili ni jiko au duka la vitambaa?"

Mama alimpita, akaingia. Alijaza maji kwenye sufuria, akapapasa swichi, akawasha kiberiti, akatazama moto kidogo, akateleka. Mama Pacha alisimama ukutani mikono mgongoni, kidole kimoja kimekishika kingine, kwa sababu alijijua. Mama akashika kodrai, akatia majani. Kisha akapeleka mkono kwenye rafu kutafuta sukari.

Sukari haikuwapo. Mama Pacha aliiona ilipo: mwisho wa meza, kifuniko wazi, ambapo Mdogo alikuwa ameitumia asubuhi. Alifungua mdomo, na shemeji akainua kidole kumkataza.

Mkono wa Mama ulikaa mahali patupu. Sufuria ilianza kuvuma. Mama alipunguza moto kwanza. Kisha akateremsha kiganja mezani, akaufuata ule ukingo mwekundu polepole, mpaka mwisho, mpaka vidole vikagusa mahameli.

"Nani kaniondolea sukari yangu mahali pake?"

"Mimi, Bibi," sauti ya Mdogo ilitoka chini ya meza.

"Leo sufuria zote ni zako."

Chai ikamiminwa bila kumwagika. Shemeji mkubwa aliinywa amesimama, mpaka mwisho wa kikombe. Ukali ulikuwa umemtoka, na bila ukali ule alionekana tu mtoto wa mtu, amechoka na safari.

"Chumba nilishakuandalia, Mama," alisema. "Kitanda nimenunua. Mpaka kuta nimepaka."

"Rangi gani?"

"Nyeupe."

Mama Pacha alitazama dirishani ili asicheke.

"Asante, mwanangu," Mama alisema, na alimaanisha. Akamtafuta bega, akalishika. "Nitakuja kulala kwako siku mbili tatu, nile nikiwa nimekaa. Halafu unirudishe kazini."

Shemeji mkubwa alirudisha funguo mfukoni. Alisema kwa kuwa ameshafika, basi atakula chakula cha mchana.

Mambo yamekwisha, Mama Pacha alitafuta la kufanya. Alichukua kisu, akakiinua kitunguu, akaanza kukikata.

"Nani huyo anayekata?" Mama aliuliza.

"Mimi, Mama. Nakusaidia."

"Nimekuita?" Mama alinyoosha kiganja, akasubiri mpaka kisu kikalazwa humo, mpini mbele. "Nenda kashone. Utanivurugia vitu vyangu. Nikikuhitaji nitaita."

Mama Pacha akatoka, amefukuzwa kwenye jiko alilolipaka mara mbili kwa mikono yake mwenyewe, na tangu aolewe hakuwahi kufurahi kama siku ile.