Ukurasa wa Thelathini na Saba

Haya niliambiwa na mjukuu wangu Jumamosi iliyopita asubuhi, tukichambua mchele uani huku tukimngoja baba yake atoke lindoni. Alikuja na bahasha ya kaki, akaibana chini ya sinia isipeperuke, akasema, "Bibi, hii haifunguliwi mpaka yeye mwenyewe aje. Ila jinsi ilivyopatikana nitakwambia, maana nikikaa nayo nitapasuka."

"Pasuka taratibu, mke mwenzangu," nikamwambia. "Mchele usimwagike."

Baba yake ni mwanangu wa pili. Miaka kumi na mmoja iliyopita alikuwa mtunza rafu kwenye maktaba ya chuo kikuu, ghorofa ya tatu. Wasomi wakishasoma huacha vitabu mezani kama watoto wanavyoacha sahani. Yeye alikuwa anavikusanya kwenye toroli, anatazama namba iliyobandikwa mgongoni, anarudisha kila kimoja mahali pake. Vitabu vipya vikija, ndiye aliyekuwa anaviandika namba ya kupokelewa kwa penseli. Kitabu kikichomekwa pasipo pake ndiyo kimepotea, hata kama kimo humo humo ndani. Alifanya kazi hiyo miaka tisa. Ukimtajia kitabu alikuwa anakwambia kiko rafu ya ngapi, na majirani zake kulia na kushoto ni akina nani, kama mtu anayetaja ukoo wake.

Halafu ukaja ukaguzi, na vitabu arobaini na kimoja havikuonekana ghorofani kwake. Mwanangu alisema wazi: Profesa fulani hubeba vitabu mkobani bila kuandikisha, na pale mlangoni maprofesa hawapekuliwi, wanapekuliwa wanafunzi na wafagizi. Wakaunda kamati. Na nani akawekwa kwenye kamati? Profesa huyo huyo. Akakaa pale na tai yake, akamtazama mwanangu kama mtu aliyekanyaga mavi ya kuku, akasema, "Vitabu havina miguu, kijana." Kamati nzima ikacheka. Mwanangu akafukuzwa kwa wizi.

Mwizi wa vitabu! Nyumba yetu wakati ule ilikuwa na kitabu kimoja tu, cha kliniki ya watoto. Tena tazama akili za wakubwa: mtu huyo huyo aliyefukuzwa kwa wizi, mwezi uliofuata akapewa kulinda bohari la saruji, usiku kucha, peke yake, na funguo zote mkononi. Haujapotea hata mfuko mmoja mpaka leo. Lakini mtaani jina lilishashika. Shemeji yake akija kututembelea bado anahamisha simu yake kutoka mezani kuitia mfukoni, anadhani hatumwoni.

Huyu binti yake naye akasomea ukutubi, akapata kazi maktaba ile ile, ghorofa ile ile, kwa mkataba wa majaribio. Nikahofu watamjua. Hawakumjua. Jina la baba yake analo shingoni kwenye kitambulisho, limeandikwa kwa herufi kubwa, na hakuna hata mmoja aliyelikumbuka. Watu wanakuvunjia nyumba halafu hata jina lako hawashiki.

Basi, mwezi uliopita Profesa akastaafu. Akatangaza kwamba anakitunuku chuo maktaba yake binafsi, vitabu mia tatu na kumi na mbili, ili vizazi vijavyo vifaidike. Chuo kikafurahi kama kimepewa ng'ombe. Kikatenga chumba, kikachongesha kibao cha shaba chenye jina lake, kikapanga sherehe siku ya Ijumaa. Maboksi ishirini na sita yakapandishwa ghorofa ya tatu, na mjukuu wangu akaambiwa avipokee: afute vumbi, aandike kwenye daftari la zawadi, agonge mhuri, abandike namba.

"Boksi la kwanza," akaniambia, "kalenda za zamani. La pili, nakala kumi na moja za kitabu chake mwenyewe, hata karatasi la nailoni halijachanwa. Nikasema haya, mtu amejitunza. La tatu ndiyo nikaanza kuona vitabu vimekatwa."

"Vimekatwaje?"

"Kwa wembe, bibi. Karatasi ya kwanza haipo na ya mwisho haipo. Safi kabisa, huwezi kujua mpaka upitishe kidole."

Mkono wangu ukasimama kwenye sinia. Akanieleza. Maktaba hugonga mhuri wake mwanzoni mwa kitabu na mwishoni, kila mtu anaona. Lakini hugonga na wa tatu, ndani, kwenye ukurasa mmoja ambao wafanyakazi tu huambiwa siku yao ya kwanza kazini. Ndiyo ukurasa wa siri. Kwao ni wa thelathini na saba. Mwizi akikata huku na huku, ule wa katikati unabaki kumsuta.

Akafungua ukurasa wa thelathini na saba. Mhuri huo hapo, wa duara, wa maktaba yao. Na chini ya mhuri, kwa penseli, namba ya kupokelewa, imeandikwa na mtu ambaye saba yake huipiga kistari mguuni. Mwandiko wa baba yake.

"Nikakaa chini sakafuni," akasema. "Nikafungua kingine. Na kingine. Mpaka jioni nilikuwa na thelathini na vinane."

Mimi sikushangaa kwamba Profesa ni mwizi, hilo nililijua. Kilichonichekesha ni kingine, nikacheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Mtu ameiba kitabu kwa sababu hakipatikani duniani. Amekaa nacho miaka na miaka. Amekiweka nyuma ya kiti chake ili wageni wakione. Kama angekisoma, hata kwa kurukaruka, angekutana na mhuri, si angeukata na wenyewe? Vitabu thelathini na vinane, na katika vyote msomi mzima hakufika ukurasa wa thelathini na saba! Mimi kwa madarasa yangu manne hiki cha kliniki nilikimaliza mara mbili.

"Subiri, bibi, usicheke kwanza," akasema. "Bosi hujamsikia."

Bosi ni Mkutubi Mkuu, mtu ambaye hata mbu akimuuma anatafuta wa kumwomba ruhusa ndipo ajikune. Mjukuu wangu alimpelekea vitabu vitatu, akamfungulia ule ukurasa.

"Funga mlango," Bosi akasema. "Nani mwingine ameona?"

"Mimi na wewe."

"Basi hakuna aliyeona."

"Bosi, hivi vimeandikwa vimeibwa. Kuna mtu alifukuzwa kazi."

"Ni zamani hiyo. Chukua mhuri wa zawadi, ugonge juu ya huo wa zamani. Tia wino mwingi."

"Thelathini na vinane vyote?"

"Binti, mkataba wako wa majaribio unaisha lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Nilitaka tu kujua," akasema, akainama kwenye makaratasi yake.

Hapo ndipo mtoto alipowekwa, na alijua amewekwa wapi. Akigonga ule mhuri wa zawadi, baba yake anabaki mwizi hadi kaburini, tena kwa mkono wa mwanawe. Asipogonga, mwisho wa mwezi anarudi nyumbani, tunakuwa na wafukuzwa wawili wa maktaba moja. Akasema alikaa kwenye kile kingazi cha kupandia rafu, mhuri mkononi, hata hakulia. Akawaza kazi yake inasemaje. Na kazi yake inasema hivi: kitabu chenye mhuri wa maktaba, kikitoka nje kikaingia ndani, kinapokelewa kwenye meza ya marejesho. Hakuna maneno mengine.

Akapakia toroli, akateremka na lifti mpaka meza ya mbele, akafungua daftari la marejesho. Lina safu ya jina la kitabu, safu ya aliyekirudisha, safu ya siku kilipochukuliwa, na safu ya mfanyakazi aliyemwandikisha. Kwenye hiyo ya mwisho akaandika "hakikuandikishwa" mara thelathini na nane, mpaka kidole kikaota sugu. Nafasi ya sahihi ya aliyerudisha akaiacha wazi, maana hiyo si yake.

Alhamisi mchana Profesa akaja kukitazama chumba chake. Alipita meza ya mbele, akaliona toroli, akasimama.

"Binti, mbona vitabu vyangu viko huku chini?"

"Shikamoo, Profesa. Vya kwako viko juu. Hivi ni vyetu."

"Vyenu?"

"Naomba ufungue ukurasa wa thelathini na saba. Chochote tu, chagua."

Akachagua. Akafungua. Mjukuu wangu anasema masikio yake yalibadilika rangi kabla ya uso. Na ilikuwa saa ambayo wanafunzi wamejaa pale mezani, wamepanga foleni na vitabu vyao, wote macho.

"Hii ni hitilafu ya ofisi," Profesa akasema.

"Inawezekana, Profesa."

"Ndiyo matatizo ya makarani. Mnagonga mihuri ovyo ovyo."

"Inawezekana pia. Sasa hapa ninaomba sahihi tu, kwamba vimerudi, ili niviondoe njiani kabla ya wageni wa kesho."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, Profesa. Kila anayerudisha anasaini, hata wewe hukuwekewa daftari lako peke yako."

Mwanafunzi mmoja nyuma akakohoa kile kikohozi cha kicheko. Profesa akatazama nyuma, akatazama daftari, akaona limejaa maandishi madogo ya karani, kurasa mbili. Mtu kama yule asome maandishi ya karani? Akanyang'anya kalamu. "Lete nisaini, upuuzi huu uishe." Akasaini chini, sahihi ndefu yenye mkia, pamoja na tarehe, chini ya maneno "hakikuandikishwa" yaliyopangana juu yake kama sisimizi. Kisha akapanda zake juu kutazama shaba yake.

"Hakusoma?" nikamwuliza.

"Hata mstari, bibi."

"Sasa ndiyo umenithibitishia ni yeye."

Akatoa nakala tatu kwenye mashine, ndipo akaenda kwa Bosi na daftari lenyewe. Bosi akasoma, akavua miwani, akaivaa tena, akaona maneno ni yale yale.

"Umenimaliza," akasema.

"Sijakumaliza, Bosi. Nimekuletea vitabu vyako."

"Unataka nini?"

"Barua moja. Ya mtunza rafu aliyefukuzwa. Jina lake ni hili," akakiinua kitambulisho chake mwenyewe kutoka shingoni, akakiweka juu ya meza ya Bosi. Ndiyo mara ya kwanza mtu yule kulisoma lile jina. Barua akaiandika mwenyewe jioni ile ile, na mkataba wa mtoto akausaini wa miaka miwili.

Msidhani Profesa aliumbuliwa. Ijumaa sherehe ikafanyika, shaba ikabandikwa, watu wakapiga makofi, naye akahutubia saa nzima juu ya thamani ya kusoma. Kile chumba kimebaki na vyake: kalenda, na kile kitabu chake mara kumi na moja, na takataka nyingine za heshima. Mjukuu wangu anasema hakuna atakayeingia, hata wanaotafuta mahali pa kusinzia wataona bora ngazini. Lakini vitabu thelathini na vinane viko ghorofa ya tatu, kila kimoja na majirani zake.

Alipofika hapo, baba yake akaingia uani, saruji hadi kwenye nyusi. Mjukuu wangu akasimama, akampa bahasha kwa mikono miwili.

"Shikamoo baba. Isome."

"Marahaba. Umefukuzwa?"

"Soma kwanza!"

Akaisoma akiwa amesimama, bila kuvua buti. Kisha akaisoma tena kwa sauti ili nami nisikie. Ilisema kwamba kufuatia uhakiki, vitabu thelathini na vinane kati ya arobaini na kimoja vimepatikana, kwamba barua ya kufukuzwa imefutwa, kwamba nafasi ya kazi ikitangazwa anaruhusiwa kuomba kama mwombaji mwingine yeyote, na kwamba ofisi inamtakia afya njema. Hakuna samahani. Nilimwambia aigeuze, labda imeandikwa nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Miaka kumi na mmoja," nikasema, "na wameshindwa neno moja!"

"Mama, usiwatafutie kitu wasichokuwa nacho," akanijibu. Akamgeukia binti yake. "Umevirudisha wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Vile vinne virefu, visivyoingia wima?"

"Rafu ya chini kabisa, nimevilaza."

"Migongo nje?"

"Baba, mimi nimesomea!"

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akahesabu kwa vidole vyenye saruji. "Thelathini na vinane kati ya arobaini na kimoja. Kwa hiyo sasa mimi ni mwizi wa vitatu." Ndipo akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa vumbi, mtoto akampiga mgongoni.

"Utaomba hiyo kazi?" nikamwuliza.

"Kwa nini? Saruji haina maprofesa." Akaketi, akavuta buti moja, akavuta la pili. "Hiyo barua, mkipenda, mwonyesheni shemeji. Mimi mwili hauna hata nguvu ya kuringa."

Maji ya kuoga nilikuwa nimeyaweka tayari, hakuyafikia. Alijinyoosha kwenye mkeka pale pale kivulini, saa tatu ya asubuhi, jua limeshapanda, watoto wa jirani wanapiga kelele, binti yake bado anamwuliza kama vile vitatu anavikumbuka majina. Akataja cha kwanza. Akataja cha pili na rafu yake. Cha tatu alikianza tu, akawa ameshalala.