Alama Kwenye Bomba la Shokapu

Ti.

Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajawika: tone moja la oili likianguka ndani ya kopo tupu la maziwa. Kisha kimya kirefu, mpaka nidhani limekwisha, halafu tena, ti. Pikipiki tunailaza sebuleni karibu na kabati la vyombo, kwa sababu hapa mtaani kwetu Sakina ukiiacha nje hujui asubuhi utakuta nini. Ilikuwa ya marehemu mume wangu Naftali, mwinjilisti, aliyezunguka nayo sharika za mlimani zaidi ya miaka ishirini. Sasa ni ya mjukuu wetu Irine. Yeye ni afisa mifugo, na kila Jumatatu hupanda nayo Oldonyosambu kuchanja ng'ombe.

Oili ilikuwa inatoka kwenye shokapu za mbele. Inatiririka kwa nje, inafika kwenye gurudumu, inaingia kwenye breki. Wiki moja kabla ya haya ninayoyasimulia, Irine alishika breki kwenye mteremko na pikipiki haikusimama. Akaingia kwenye shamba la watu. Alirudi magoti yamechubuka, anacheka.

"Koko, mahindi yamenipokea vizuri."

Huniita Koko, kama watoto wetu wa Kiarusha wanavyowaita bibi zao. Mimi sikucheka. Jumatatu nyingine ilikuwa inakuja, na kule juu si kila mteremko unaishia kwenye mahindi.

Jumamosi, kabla sijamaliza kufagia, mwanamume wa miaka thelathini hivi alisimama getini na begi la spana mgongoni.

"Shikamoo, bibi. Naitwa Meshack, ni fundi wa pikipiki. Nimesikia ya kwenu inavuja shokapu."

"Marahaba. Umesikia kwa nani?"

Akatazama viatu vyake. "Barabarani, bibi. Pikipiki inayovuja inaonekana."

Fundi asiyeitwa! Tangu lini fundi akamtafuta mteja mpaka getini? Nilitaka kumwambia apite zake, lakini Irine alikwisha kutoka na mswaki mdomoni.

"Koko, mwache aingie. Jumatatu nitapanda na nini, na punda?"

"Kama punda ana breki, ndiyo."

Akacheka, akamfungulia geti, kisha akaenda mjini kufuata chanjo zake. Nikabaki mimi na mgeni huyo na pikipiki ya Naftali.

Nilikuwa na sababu ya kuwaogopa mafundi. Miezi mitatu nyuma sili za shokapu zilikwisha, ile mipira ya duara inayozuia oili isitoke, na fundi Lesian wa Ngarenaro akaja kuzibadilisha hapahapa uwanjani. Lesian tunamfahamu tangu Naftali yuko hai. Baada ya yeye kuondoka, jirani yangu Agnela aliegemea ua akaniambia, "Mama Sironka, uwe macho. Mafundi wa siku hizi wanachomoa bomba zima la shokapu la zamani, lile chuma hasa, wanakuwekea jingine linalopinda kama waya. Utajuaje?"

Usiku huo sikulala vizuri. Kwetu, ukitaka kumjua ng'ombe wako hata akichanganyika na mia, unamtia alama. Kesho yake nikachukua tupa ya Naftali, nikapandisha ule mpira wenye mikunjo unaofunika shokapu, nikakwaruza kwenye bomba la kulia alama ya ng'ombe wa baba yangu: mistari miwili iliyokaribiana na mmoja kando. Chuma kile ni kigumu, mkono uliniuma mpaka jioni. Nikafanya na la kushoto. Nikateremsha mipira, nikarudisha tupa, nisimwambie mtu, hata Irine.

Hazikupita wiki mbili, shokapu zikaanza kuvuja. Nikajua Lesian ameniwekea sili zilizotumika. Nikamwita, nikamwambia hayo hapo getini, majirani wakisikia. Akasema, "Ngoja nifungue niangalie." Nikakataa. Nilijua akifungua tu ndipo atakapobadilisha bomba. Nikamwambia asikanyage tena hapa. Alikunja kitambaa chake, akasema, "Sawa, yeyo," yaani mama, akafunga geti taratibu lisigonge. Kule kufunga taratibu kulinikera kuliko kama angelibamiza.

Basi Meshack alipoisukuma pikipiki uwanjani aanze kazi, nilitandika kanga kuukuu chini nikamwambia kila kitu akiweke hapo, nikaleta kigoda nikakaa. Alitia kreti ya soda chini ya injini, gurudumu la mbele likainuka. Kifaranga kilikuwa kimejibanza pale. Akakitoa kwa mikono miwili, akakipeleka kwa mama yake. Jua lilipofika kwangu akasimama, akasogeza kigoda changu kivulini, akarudi kwenye spana zake bila kusema neno. Niliona yote hayo. Nikajiambia, mtu anayetaka kukuibia ndiye anayekusogezea kigoda.

"Nati moja, mbili," nikahesabu kwa sauti. "Gurudumu. Springi mbili."

"Na fundi mmoja, bibi," akasema. "Usinisahau kwenye hesabu."

"Fundi ana miguu. Nati hazina."

Akamwaga oili ya zamani kwenye karai, nyeusi kama kahawa iliyoungua. Akavua ile mipira yenye mikunjo, akachomoa mabomba ya ndani kutoka kwenye miguu ya alumini inayoyameza, akayafuta. Alilishika la kulia karibu na macho, akapitisha ukucha, akasimama, akapitisha tena.

"Bibi, nani amekwaruza hapa?"

Kumbe ameiona. Nikimwambia ni alama, siri imekwisha, ataweza kuichora kwenye bomba lolote.

"Sijui," nikasema. "Labda mawe ya barabarani."

"Mawe." Alinitazama kidogo. "Haya. Naomba unichemshie maji, bibi, birika zima. Alumini ikipata moto inaiachia sili. Nikiikwangua ikiwa baridi nitaumiza mguu wa shokapu."

Hapo nikasema, ndiyo hii. Anataka niondoke. Lakini sikuwa na neno la kukatalia. Nikaenda jikoni nikawasha gesi, nikasimama dirishani. Nilimwona mgongo tu. Alikuwa ameinama, na kiwiko chake kinakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma. Mara akatia mkono kwenye begi. Maji yalichelewa kuchemka kama yamehongwa.

Nilipotoka na birika, mabomba yalikuwa juu ya kanga, safi, yanameta. Nikaweka birika chini. Nikachukua la kulia, nikapitisha kidole gumba pale ninapopajua. Laini. Nikachukua la kushoto. Laini vilevile.

"Mabomba yangu yako wapi?"

"Si hayo, bibi?"

"Haya si yangu. Fungua begi lako."

Hakubisha. Aliliinua akalimwaga lote juu ya kanga: spana, koleo, kipande cha bomba la plastiki, msasa, hindi la kuchemsha lililoliwa nusu limefungwa kwenye gazeti. Bomba la shokapu halikuwemo. Akaligeuza begi ndani nje, akalikung'uta.

"Utakuwa umeyarusha nje ya ua!" nikasema. "Mabomba yangu yana alama. Mistari miwili imekaribiana na mmoja kando. Nimeitia kwa mkono wangu!"

Nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Ng'ambo ya ua, ufagio wa Agnela ukasimama.

Meshack aliniangalia. Hakucheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

"Kwa hiyo si mawe," akasema polepole.

Akachukua birika, akamwagia maji ya moto mguu mmoja wa alumini. Akazungushia bisibisi kitambaa, akainua kidogo, akazunguka, akainua tena, mpaka sili ya zamani ikatoka. Akaifuta, akaiweka kwenye kiganja changu.

"Pitisha kidole kwenye mdomo wake wa ndani, bibi."

Nikavaa miwani. Mpira ulikuwa mpya bado, haujakakamaa. Lakini mdomo wake ulikuwa umepasuka mahali patatu. Mipasuko miwili imekaribiana. Mmoja kando.

Nilikaa kwenye kigoda. Ilikuwa alama ya ng'ombe wa baba yangu, imechapwa kwenye mpira.

"Shokapu ikishuka na kupanda, bomba linapita hapa mara elfu kwa siku," alisema. "Likiwa na mkwaruzo, kingo zake ni wembe. Ungeweka sili mpya kila mwezi, na kila mwezi zingekatika. Nimezipiga msasa laini mpaka ukucha usikwame. Sikubadilisha kitu. Njoo juani."

Alishika bomba akaligeuza kidogo kidogo kwenye mwanga. Na kweli, kivuli chembamba kilikuwapo, mistari mitatu isiyoshikika tena kwa kidole.

"Basi zile alizoweka Lesian zilikuwa mpya," nikasema. Nilijisemea mwenyewe, lakini alijibu.

"Zilikuwa mpya, bibi. Alizichagua mwenyewe."

Kisha akauma mdomo.

"Wewe umejuaje?"

Aliokota msasa, akaukunja, akaukunjua. "Nafanya kazi kwake. Alimpita Irine barabarani, akaona gurudumu la mbele linameta oili. Akasema huyu mtoto ataumia, na yeye nyumba hii amekatazwa. Sili hizi mpya ametoa yeye. Aliniambia nisimtaje, usije ukanifukuza na mimi."

"Na ningekufukuza."

"Nimeona, bibi."

Nikaenda jikoni nikamletea chai, maana sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Alinawa kwanza kwa sabuni mpaka viwiko ndipo akashika kikombe. Baada ya hapo sikuhesabu nati. Nilimtazama tu akifanya kazi: akavisha ncha ya bomba kipande cha nailoni ili mdomo wa sili usichubuke, akapaka oili kwa kidole, akashusha sili kwa kuigonga na kile kipande cha bomba la plastiki, taratibu, ikikaa sawa pande zote. Oili mpya aliipima kwa sirinji kubwa ya ng'ombe ya Irine aliyoiomba, kiasi kilekile kulia na kushoto. Breki akazifungua, akazisafisha oili.

Irine alirudi tunamalizia. Akakalia pikipiki, akabana breki ya mbele, akaisukuma chini mara kumi, kumi na tano. Meshack akafuta mabomba kwa karatasi nyeupe, akampa. Ilikuwa kavu.

"Koko, mbona umenyamaza hivyo? Unaumwa?"

"Nimeumbuka," nikasema. "Meshack, mpigie Lesian. Weka sauti kubwa."

Nikaita ng'ambo ya ua, "Agnela! Njoo usikie na hili." Nilimfukuza mtu mbele ya majirani, kumwomba radhi chumbani kungekuwa ni kujificha.

Simu iliita muda mrefu.

"Lesian, ni mimi. Mama Sironka."

Nyuma yake nilisikia mashine za gereji ya Ngarenaro, mtu anagonga bati.

"Shikamoo, yeyo." Bado aliniita yeyo.

"Marahaba, baba. Sili zako zilikuwa nzima. Nilizikata mimi. Nilitia mabomba alama kwa tupa, ili wewe usiniibie. Nimekosa, na Agnela yuko hapa anasikia, na Irine anasikia."

Irine alifunika uso kwa mikono. Agnela akaangalia ufagio wake.

"Alama gani, yeyo?"

"Ya ng'ombe wa kwetu."

Kicheko kikamtoka taratibu, kama mtu anayejizuia kanisani. "Yeyo, hukuitoboa na masikio?"

"Ningeyaona ningeyatoboa."

Akacheka, na Meshack, ambaye alikuwa amejibana tangu asubuhi, akacheka naye. Mimi nilikuwa nafuta macho kwa ncha ya ile kanga ya kuwekea nati, yenye oili, nikajipaka uso mweusi bila kujua.

"Mtoto Jumatatu anapanda salama?" Lesian akauliza.

"Anapanda salama."

"Basi imekwisha, yeyo."

"Haijaisha. Nilikwambia usikanyage tena hapa. Neno hilo nalitoa. Kesho ukitoka ibada njoo, usilete spana, uje mtu tu. Nitapika loshoro ya mahindi na maziwa mgando. Njoo tena nyumbani, baba."