Ndimu Alipomwambua Tunu Uso

Usiku wa kuamkia siku ya kuambuliwa uso, Tunu Mbwana aliota kwamba amefika kliniki mapema kuliko wagonjwa wote, na kwenye benchi la kusubiria akalikuta Jua.

Jua lilikuwa limekaa mwisho wa benchi, limevaa shati la mikono mirefu kwa heshima ya mahali.

Tunu aliyajua masharti. Mchana wake, akiwa macho kabisa, daktari wa ngozi pale Morogoro mjini alimweleza vizuri. Atapakwa dawa yenye asidi ya ndimu na ya miwa, ngozi ya juu iliyochoka itaambuka kama ganda la kitunguu, na chini yake itatokeza mpya. Yale mabaka meusi ya mashavuni yatafifia. Asijibandue kwa kucha. Na alikatazwa kabisa kukutana na jua. Tunu aliitikia yote, maana binti yake Zubeda alikuwa karibu kuolewa, na yeye hakutaka kuingia kwenye picha za harusi na uso ule.

Basi akakaa upande wa pili wa benchi na kugeukia ukutani.

"Hata salamu, Tunu?" Jua liliuliza.

"Nimeambiwa nikuepuke."

"Na nani?"

"Na daktari."

Jua lilifikiri kidogo. "Sketi yako ya shule alikuwa anakukaushia nani? Daktari?"

Tunu aliikumbuka sketi ile ya buluu, ya pekee, mama yake akiitandaza juu ya ua wa michongoma kule Turiani, na yeye mwenyewe akizunguka uani na kanga ya kuazima, akiigusa kila mara kuona kama imekauka. Alitaka kuliomba Jua radhi. Lakini mlango ulifunguliwa.

"Mwenye mabaka aingie," alisema Ndimu.

Ndimu ndiye aliyekuwa nesi wa zamu. Alikuwa mdogo wa umbo na mkali wa maneno, na kofia yake ilimkaa vizuri. Daktari alikuwa Muwa, mrefu mno, koti jeupe, majani ameyachana kuelekea nyuma. Aliinama ili dari isimvuruge.

"Shikamoo, mama," Muwa aliamkia, kwa kuwa yeye umri wake ulikuwa msimu mmoja tu.

"Marahaba. Kumbe asidi yenyewe ndiyo nyinyi?"

"Ndiyo sisi. Usiwe na hofu. Maisha yetu yote tumemenywa na watu, wengine kwa meno. Leo zamu yako, na tutatumia pamba."

Tunu aliona hilo ni haki. Akapanda kitandani na kufumba macho.

Ndimu anampaka dawa. Inawasha, halafu inachoma, halafu Ndimu anampepea kwa ungo na kumwambia avumilie, wanawake wengine wamezaa watoto wanne na hawakupiga kelele namna hii. Tunu anasema hajapiga kelele. Ndimu anasema ataandika hivyo hivyo kwamba alipiga.

Kisha uso wa kwanza ukaambuka wote kwa mara moja. Ndimu aliuweka kitini. Uso ukajinyoosha, ukatazama huku na huku, ukauliza kama kuna chai.

Ulikuwa uso wa siku hizi, wenye mabaka na macho yaliyovimba.

"Wewe ndiye ninayekuondoa," Tunu aliuambia.

"Najua," uso ulisema, ukipuliza chai. "Mimi ndiye niliyekaa nawe kwenye msiba wa mama yako. Lakini sikulaumu. Sukari mmeweka?"

"Imo," alisema Muwa, kidogo kwa huzuni.

Uso wa pili ulitoka ukicheka. Huu ulikuwa wa siku ya ndoa yake, wanja hadi kwenye nyusi, shanga ya jasho juu ya mdomo. Haukutaka chai, ulitaka kujua ngoma iko wapi. Wa tatu ulikuwa wa msichana wa bweni, mweupe kwa krimu, masikio meusi tii, nao ulijificha nyuma ya wenzake. Tunu alizitazama nyuso zote zikisogezeana viti na kuulizana habari, akaona wivu, kwa sababu zilionekana kufahamiana sana na hakuna uliomwita.

Alijigusa. Mkono haukupata kitu, ila sehemu laini kama yai lililomenywa.

"Imetoka vizuri," alisema Ndimu. "Nenda ukapumzike nyumbani."

Tunu alipotoka mlangoni, ukumbi wa kliniki ulikuwa njia nyembamba kati ya mashamba ya miwa, na mwisho wa njia ulikuwa ua wa kwao Turiani. Hewa ilinuka molasi kutoka kiwandani, kama siku zote za mavuno. Bata walikuwa palepale. Mtungi wenye ufa ulikuwa palepale. Mama yake, Bi Mwanakheri, aliyezikwa mwaka uliopita, alikuwa amekaa juu ya mkeka, anasaga liwa, mti wa manukato wa kupaka usoni, kwenye jiwe lake alilokuja nalo kutoka Pangani siku alipoletwa kuolewa. Aliongeza tone la marashi, akasaga tena. Mlio ule wa jiwe Tunu hakuwa ameusikia tangu utoto.

"Hodi, mama."

"Karibu, mgeni," alisema mama yake. "Kuna kigoda hapo."

"Mama, si mgeni. Ni mimi, Tunu."

Bi Mwanakheri aliinua macho, akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mpita njia aliyekosea nyumba.

"Tunu wangu ana uso," alisema. "Wewe pole sana. Nikuletee maji?"

Ndipo Tunu alipoogopa. Moyo ulimwenda mbio kuliko ulivyomwenda siku waliyompigia simu kwamba mama hayupo tena, kwa maana siku ile angalau mama yake alikuwa hajamsahau.

Aligeuka, akakimbia kati ya miwa, kanga inanasa kwenye majani, huku miwa ikimwambia, "Taratibu, mama, taratibu." Alizikuta nyuso zake mlangoni pa kliniki, zimeshabeba mikoba.

"Mnakwenda wapi?"

"Tumeambiwa tumeondolewa," uso wa ndoa ulisema. "Lakini mimi naweza kurudi. Nitakufaa kwenye picha."

Ulikuwa mzuri, kweli. Ngozi yake ilikuwa nyororo kama sahani. Tunu aliutazama kwa muda, akatamani. Halafu akaushika mkono uso ule wa siku hizi.

"Rudi wewe," alisema.

"Mimi?" Uso ulishangaa. "Na mabaka yangu?"

"Na mabaka yako. Mama ananingoja."

Uso ulimalizia chai yake, maana haukupenda kumwaga kitu, kisha ukajivika pale ulipotoka. Ulibana kidogo kidevuni.

Bi Mwanakheri alikuwa bado kwenye mkeka. Safari hii alipoinua macho aliacha kusaga.

"Ehee," alisema. "Sasa nakuona. Mbona umezeeka, mwanangu?"

"Nimezeeka, mama."

"Njoo." Alimpitishia kidole gumba kwenye baka la shavu la kushoto, halafu la kulia, polepole. "Haya yalikuwa yangu. Nilidhani nimezikwa nayo."

Mama yake alichota liwa, akampaka paji la uso, pua, mashavu, mikono yake baridi na yenye harufu ileile. "Lala hapa, ikauke. Ila usicheke. Ukicheka itapasuka, nami sina nyingine."

Tunu akalala juu ya mkeka, kichwa kwenye paja la mama yake. Bata walipita. Liwa ilianza kukaza. Alikuwa hajatulia hivyo kwa miaka.

Juu ya ua wa michongoma Jua likachungulia, shati limefungwa vifungo vyote.

"Samahanini," lilisema. "Naruhusiwa sasa, au niende, nirudi baadaye?"

Bi Mwanakheri ndiye aliyeanza kucheka. Tunu alijizuia, akajizuia, akashindwa.

Alizinduka kitandani kwake, Morogoro. Kulikuwa kumekucha. Mumewe alikuwa amesimama kando ya kitanda na simu mkononi, anamtazama.

"Mama Zubeda, umepaka nini usoni?"

Aliinama, akamgusa shavu kwa ncha ya kidole, akanusa. "Hii si liwa? Tangu lini tuna liwa humu ndani?"

Tunu alijigusa shavu. Alihisi uso umekaza, na pembeni ya mdomo pamepasuka mstari mmoja mwembamba, pale kicheko kilipoanzia. Mto wake ulikuwa na chembe za rangi ya mchanga.

"Kliniki wako hewani," mumewe alisema. "Wanauliza kama unakuja."

Tunu akazungumza bila kufungua mdomo, kwa uangalifu mkubwa.

"Waambie bado nakauka."