Siku Mkwe Wangu Aliponikatalia Mashine

Mimi ni mtu wa kubishana. Nimestaafu ualimu mkuu, lakini ubishi sijastaafu, na anayekubali kila neno langu huwa namshuku. Ndiyo maana mkwe wangu Kenneth alikuwa akininyima raha.

Kenneth ni Mjaluo wa Kisumu, ana kazi ya bima hapa Kigali, na amemwoa Ihirwe, mwanangu wa pekee. Nilitamani kupata mwana wa kiume, nikapata mgeni. Alivyolelewa yeye, mwanamume hamzoei mama mkwe: hali naye chakula, hamtazami usoni. Nikimuuliza kama chai ina sukari nyingi, "Ndiyo, Mama." Nikimuuliza kama haina sukari kabisa, "Ndiyo, Mama."

"Anakuheshimu," Ihirwe aliniambia.

Heshima hiyo iliniuma. Nilikuwa nazeeka, na nyumbani kwangu Kimironko hakukuwa na mtu wa kunipinga.

Basi, tangu nistaafu nimependa vyuma. Nakata bomba nyembamba, naziunga, napata vigoda vya bustani na stendi za maua. Jirani aliyekuwa akiniazima mashine ya kuchomelea alihama, nikaamua kununua yangu. Ihirwe akampa mumewe kazi ya kunisindikiza. Ndipo nikajua kwamba baba yake Kenneth ana karakana ya kuchomelea, na Kenneth amekulia humo. Yeye mwenyewe hakuwahi kunigusia.

Dukani Muhima, muuzaji mmoja mchangamfu anayeitwa Twahiru alituonyesha mashine mbili. Moja ilikuwa kisanduku chenye mkanda wa kuning'iniza begani. Ya pili ilikuwa jitu jekundu lenye magurudumu, na moyo wangu ukaenda huko huko.

"Mukecuru, hii iko na nguvu!" Twahiru, akiniita bibi kwa Kinyarwanda, aliipiga ubavuni. "Inasudira hata lori!"

"Unaionaje, Kenneth?"

"Ni nzuri, Mama." Alikuwa akiiambia sakafu.

"Na ile ndogo?"

"Hata hiyo ni nzuri, Mama."

Hasira zikanipanda. Nikafungua mkoba. "Twahiru, nifungie hiyo kubwa."

Twahiru akaanza kuisukuma kuelekea mlangoni. Kenneth akaitazama mashine, akautazama mkoba, akaitazama tena mashine. Jasho likamtoka. Nikaanza kutoa pesa.

"Hapana!"

Duka zima likageuka.

"Hapana, Mama! Hiyo inataka umeme wa fezi tatu, wa kiwandani. Kwako ni fezi moja. Utaiwashia wapi? Na hata ukiiwasha, bomba zako nyembamba itazitoboa zote. Chukua ndogo, na vijiti vyembamba vya kuchomelea."

"Ndogo itachoka haraka," nikabisha, moyo ukinidunda kwa furaha.

"Ichoke! Itajizima, ipoe, wewe unywe chai, kisha uendelee. Unakimbilia wapi? Si umestaafu, Mama?"

Alikuwa ananitazama machoni. Alipogundua, akaziba mdomo kwa mkono. "Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini? Endelea!" Nilicheka hadi machozi yakanitoka. "Sema na rangi yake ni mbaya!"

"Rangi... kusema kweli, Mama, ni mbaya sana."

Twahiru akairudisha ile kubwa huku anacheka. "Huyu iko mtoto yako kabisa, Mukecuru."

Tukachukua ndogo. Tukabishana juu ya kinga ya macho: mimi nilitaka ya kushika mkononi, yeye akashikilia ile inayojitia giza yenyewe. Tulibishana hadi garini, na kutoka garini hadi kwangu. Ihirwe, aliyekuwa akitungoja huko, akatoka mbio.

"Jamani, mnagombania nini?"

"Usituingilie," nikamjibu.

Kenneth alipitiliza na mashine hadi uani, akauona waya wangu wa kuvutia umeme, akaupima kwa vidole.

"Huu ni mwembamba, utaungua. Tunanunua mwingine."

"Huo nimeutumia miaka yote."

"Na ndiyo umechakaa hivi!" Akamgeukia mkewe, mikono kiunoni. "Ihirwe, mama yetu ni mkaidi namna hii tangu lini?"

Hilo "mama yetu" nililisikia vizuri, nikatamani kumkumbatia. Badala yake nikamnyang'anya waya, nikamwambia haubadilishwi.