Mlango wa Duka Kuukuu Kabla ya Saa Sita

Mlango wenyewe, wa mbao mbili, ulikuwa umeliwa na mchwa, rangi imebanduka, na mjukuu wangu Akello alikuwa akiutazama kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

Kazi yake ni kuchapa picha. Anapaka wino juu ya kitu, analaza karatasi, anasugua, na akiibandua, umbo la kitu kile linabaki pale. Anapenda nyumba kuukuu za Kisumu, zile wengine wanapita wakiziba pua. Mlango huu wa duka karibu na soko aliuombea ruhusa mwezi mzima. Ikatoka siku ile ile ya duka kubomolewa.

"Saa sita naangusha," Waswa, msimamizi wa wabomoaji, alituambia. "Hata kama mko ndani."

"Tukiwa ndani utatuletea chai," nikamjibu. Watu wake wakacheka.

Karatasi nzuri zilikuwa nne tu. Akello akapaka ubao wa kulia wino mweusi kwa rola, akalaza ya kwanza, akasugua kwa mwiko. Ilitoka madoa madoa kama kuku aliyenyonyolewa vibaya. Jua lilikuwa limekausha wino. Ya pili akainyunyizia maji, wino ukatiririka wote.

Waswa akachungulia. "Dada, hiyo ni mlango ama ni mafuriko ya mto Nyando?"

Akello akaikunja ile karatasi, akaitupa kando. Saa tano ilikuwa imeshapita.

Mimi mambo ya kuchapa siyajui, shule niliachia darasa la nne. Lakini samaki nimeuza miaka thelathini, na samaki hummwagii maji, utamharibu. Unalowesha gunia, unalikamua mpaka lisidondoke, unamlaza katikati, unangoja. Anapata unyevu, hapati maji.

"Leta karatasi," nikamwambia.

"Dani, zimebaki mbili." Ndivyo Wajaluo tunavyomwita nyanya.

"Si naziona."

Nikavua leso yangu kiunoni, nikailowesha kwenye ndoo ya maji ya wabomoaji, nikaikamua, nikaviringisha karatasi moja ndani. Kisha nikaketi juu ya tofali.

"Sasa?" akauliza Akello.

"Sasa tunangoja."

"Mama, mimi singoji," Waswa akasema.

"Nani amekuambia ungoje? Simama hapo na huo mwili wako, utukingie jua."

Akacheka, lakini akasimama. Hata akainua kipande cha bati, kivuli kikafunika mlango mzima.

Karatasi ilipotoka kwenye leso ilikuwa laini kama shavu la mtoto. Akello akapaka wino haraka, tukailaza pamoja, yeye akasugua kwa mgongo wa mwiko, mimi kwa kiganja. Akaishika pembeni, akabandua pole pole.

Kila kitu kilikuwapo. Njia za mchwa nyeupe, vichwa vya misumari, tundu la kufuli. Na pembeni, mistari mifupi ya kisu, mmoja juu ya mwingine, ambayo hakuna aliyeiona kwenye mbao.

"Hii ni nini?" Waswa akauliza.

"Watoto wa hapa," nikasema. "Walikuwa wanapimwa kimo."

Watu wake wakaacha nyundo, wakaja kusukumana waone. Waswa akapapasa ile mistari kwa kidole, kisha akageukia ubao wa pili wa mlango, ule wa kushoto.

"Na huu, nao una watoto?"

"Hatujui mpaka tuuchape," Akello akasema.

Waswa akatazama saa. "Vijana, kuleni kwanza," akawaambia watu wake. "Nyumba haikimbii."

Akello alikuwa tayari ameshika rola.